Kuchagua Sindano na Uzi wa Kushonea Ngozi kwa Cherehani

Katika maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kazi ya ngozi ni riziki ya kaya nyingi. Ukipita Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tegeta, si vigumu kumpata fundi aliyeketi barazani na cherehani yake akishona makubazi, mikanda, pochi au viatu vya shule. Keko, mafundi samani huvalisha makochi kila siku. Bidhaa hizi hununuliwa na wananchi wa kipato cha kawaida, ambao hawawezi kununua kiatu kingine cha mtoto kabla ya muhula kwisha.

Bidhaa ya ngozi inapoharibika mapema, mara nyingi ngozi yenyewe bado ni nzima. Kilichoachia ni mshono. Uzi umekatika, au ngozi imechanika kwa kufuata matundu ya sindano, mithili ya karatasi ya stempu inavyochanwa kwenye matobo yake. Mlaji husema ameuziwa ngozi mbovu; fundi husema cherehani imemsumbua. Chanzo mara nyingi huwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotumika katika kazi hiyo, yaani sindano isiyolingana na uzi, au uzi usiolingana na kazi.

Tumeandaa maelezo haya kwa ajili ya makundi mawili. La kwanza ni mafundi na wajasiriamali wadogo wanaonunua sindano na uzi, ambao nao ni walaji wa bidhaa hizo. La pili ni wananchi wanaoagiza au kununua bidhaa za ngozi na wangependa kujua waulize nini kabla ya kulipa. Jambo kuu tunalotaka lishikwe ni mpangilio wa maamuzi: chagua uzi kwa kuzingatia kazi, chagua unene wa sindano kwa kuzingatia uzi, kisha chagua ncha ya sindano kwa kuzingatia aina ya ngozi. Anayeanza na sindano iliyopo mezani, halafu akatafuta uzi wa kupita humo, amegeuza mpangilio huo, na gharama yake hulipwa na ngozi.

Kwa nini ngozi si kitambaa

Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi. Sindano inapopita, nyuzi hizo husogea pembeni, na sindano inapotoka hurudi karibu na mahali pake. Ndiyo maana fundi nguo akikosea mshono anaweza kuufumua, akapiga pasi, na alama isionekane tena.

Ngozi imeundwa kwa nyuzinyuzi ndogo zilizosukanasukana pande zote bila mpangilio wa safu. Tundu likishatobolewa, halizibi. Ukifumua mshono na kuurudia pembeni kidogo, sasa una safu mbili za matundu na ukanda mwembamba wa ngozi kati yake, na ukanda huo ndio utakaochanika kwanza. Kwa hiyo katika ngozi hakuna kujaribu juu ya kazi yenyewe. Majaribio yote hufanywa pembeni, kwenye kipande cha ngozi ileile, kabla ya kugusa kipande cha mteja.

Tofauti ya pili ni msuguano. Ngozi huibana sindano pande zote. Sindano ikienda kwa kasi hupata joto, na uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka kwenye joto la takribani nyuzi 220 hadi 260 za Selsiasi, kutegemea aina yake. Uzi unaokatika huku ncha yake ikiwa ngumu na yenye kidonge kidogo kama plastiki iliyoungua umeathiriwa na joto. Dawa yake ni kupunguza mwendo na kuhakikisha sindano ina unene na ncha inayofaa.

Hatua ya kwanza: aina ya uzi

Uzi wa pamba haushauriwi kwa bidhaa za ngozi zitakazovaliwa au kukaa kwenye unyevu. Jasho, mvua na kemikali zilizobaki kwenye ngozi baada ya kutengenezwa huozesha pamba polepole, na katika mji wa pwani wenye unyevunyevu kama Dar es Salaam uozo huo huja mapema. Inashauriwa kutumia nailoni au poliesta.

Nailoni ina nguvu, huvutika kidogo, na hustahimili kusuguliwa. Kwa sababu hiyo inafaa viatu, mikanda na mabegi yanayobeba uzito. Udhaifu wake ni jua kali, ambalo huudhoofisha uzi huo kadiri siku zinavyopita. Poliesta huvutika kidogo zaidi ya pamba lakini si kama nailoni, na hustahimili jua vizuri zaidi. Kwa viti vya pikipiki na bajaji, viti vya bodaboda vinavyoanikwa juani kutwa nzima, au makochi yanayowekwa barazani, poliesta ndiyo chaguo la busara.

Zipo pia nyuzi za nailoni na poliesta zilizopakwa utomvu maalumu unaozishika nyuzinyuzi zake pamoja. Uzi wa namna hiyo haufumuki ovyo unapopita kwenye tundu la sindano mara nyingi, nao ndio bora kwa mishono mizito. Utautambua kwa kuukata: ncha yake hubaki imeshikana badala ya kuchanua kama ufagio.

Angalia pia upande wa msokoto. Cherehani nyingi za kushona zimeundwa kwa uzi wa msokoto wa Z. Ushike uzi wima machoni. Mistari ya msokoto wake inapaswa kulala kama mstari wa kati wa herufi Z. Ikilala upande mwingine, kama mstari wa kati wa herufi S, ndoano ya cherehani itaufungua msokoto kila inapoushika, na uzi utachakaa kabla ya kazi kwisha. Baadhi ya nyuzi za kushonea kwa mkono huwa za aina hiyo ya pili.

Hatua ya pili: kusoma namba za uzi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu madukani kuna mifumo kadhaa ya namba, na mingine huenda kinyume cha mingine.

Mfumo ulio wazi zaidi ni wa tex. Namba ya tex ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 1,000. Uzi wa tex 70 maana yake ni kwamba mita 1,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene.

Mfumo wa denia, unaoandikwa kwa herufi D, hupima gramu kwa mita 9,000. Nyuzi nyingi za nailoni huandikwa 210D/3, yaani nyuzi tatu, kila moja ikiwa na denia 210, zilizosokotwa pamoja. Zidisha 210 kwa 3 upate 630, kisha gawanya kwa 9. Jibu ni tex 70.

Mfumo wa tiketi huenda kinyume. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. Ili kukadiria tex, gawanya 3,000 kwa namba ya tiketi. Tiketi 40 ni takribani tex 75. Tiketi 20 ni takribani tex 150. Tiketi 120 ni takribani tex 25.

Mfumo wa nne ni ule unaoandikwa 40/2 au 20/3 kwenye marola makubwa ya uzi wa poliesta. Namba ya kwanza ni wembamba wa uzi mmoja, nayo pia huenda kinyume: ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Uzi wa 40/2, ambao ndio wa kawaida kwa kushonea nguo, ni takribani tex 30. Uzi wa 20/3 ni karibu tex 90.

Fundi aliyezoea 40/2 akiambiwa na muuzaji kwamba tiketi 40 ni "ileile arobaini" amepotoshwa, hata kama muuzaji hakukusudia. Uzi wa pili una unene zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza kwa uzito. Kwa hiyo usinunue namba peke yake. Nunua namba pamoja na mfumo wake. Rola lisilo na maelezo yoyote zaidi ya rangi na picha ya cherehani halikupi njia ya kujua unanunua nini.

Kwa kazi za kawaida, makadirio yafuatayo yanatosha:

– Uzi wa tex 30 ni wa nguo. Haufai kushikilia ngozi, isipokuwa bitana ya kitambaa ndani ya pochi.
– Uzi wa tex 45 hadi 50 unafaa ngozi laini na nyembamba, kama ya mbuzi au kondoo, katika pochi ndogo na mapambo.
– Uzi wa tex 70 unafaa sehemu za juu za viatu, pochi na mikoba ya kawaida.
– Uzi wa tex 90 unafaa mabegi, makochi na viti vya vyombo vya moto.
– Uzi wa tex 135 unafaa mikanda, kanda za makubazi na mabegi mazito.
– Uzi wa tex 210 na zaidi ni wa hatamu, mikanda ya mizigo na kazi nyingine nzito zinazohitaji mashine maalumu.

Hatua ya tatu: unene wa sindano

Kwenye pakiti ya sindano kwa kawaida huandikwa namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kama 90/14 au 110/18. Namba kubwa ni unene wa sindano katika sehemu ya mia ya milimita: sindano ya 90 ina unene wa milimita 0.9, na ya 110 ina unene wa milimita 1.1. Namba ndogo ni ya mfumo wa zamani unaoelezea kipimo hichohicho.

Sindano hufanya zaidi ya kutoboa. Ubavuni mwake kuna mfereji mrefu, na uzi hulala ndani ya mfereji huo sindano inaposhuka, ili usisuguliwe na ngozi. Sindano ikifika chini na kuanza kupanda, uzi hulegea kidogo na kutengeneza kitanzi, na ndoano ya cherehani hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kwenye bobini. Kila mshono hutegemea kitanzi hicho kidogo.

Sasa fikiria uzi mnene ndani ya sindano nyembamba. Haulali mferejini, unatokeza nje na kukwaruzwa na ngozi kila mara. Haupiti vyema kwenye tundu, kwa hiyo kitanzi hakiumbiki sawasawa. Matokeo ni uzi kuchanuka, kukatika na mishono kurukwa. Kinyume chake, uzi mwembamba ndani ya sindano nene huacha matundu makubwa ambayo uzi hauyajazi. Fundo la uzi wa juu na wa chini huchungulia nje badala ya kujificha katikati ya ngozi, maji huingia, na ngozi hudhoofika bila faida yoyote.

Ulinganifu unaoshauriwa ni huu:

– Uzi wa tex 30: sindano 80/12 hadi 90/14.
– Uzi wa tex 45 hadi 50: sindano 90/14 hadi 100/16.
– Uzi wa tex 70: sindano 100/16 hadi 110/18.
– Uzi wa tex 90: sindano 110/18 hadi 125/20.
– Uzi wa tex 135: sindano 130/21 hadi 160/23.
– Uzi wa tex 210: sindano 160/23 hadi 180/24.

Pale palipotajwa vipimo viwili, anza na kidogo kwa ngozi laini, na kikubwa kwa ngozi ngumu au yenye tabaka nyingi. Uzi wa bobini uwe wa unene uleule au mwembamba kwa hatua moja. Usiwe mnene kuliko wa juu.

Lipo jaribio rahisi lisilohitaji kifaa. Kata uzi wenye urefu wa takribani sentimita 30 na uupitishe kwenye tundu la sindano ambayo haijafungwa kwenye cherehani. Ushike uzi huo ukiwa umekazwa, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini kwa mshazari. Sindano inapaswa kuteleza kuelekea chini yenyewe, taratibu. Ikikwama, ni ndogo kwa uzi huo. Ikidondoka kana kwamba hakuna uzi, ni kubwa mno. Jaribio hili linaweza kufanyika dukani kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: ncha ya sindano

Sindano za nguo zina ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi pembeni. Sindano za ngozi zina ncha iliyonolewa kama patasi ndogo, inayokata mkato mfupi ili sindano ipite bila kulazimisha. Kwa macho ya kawaida zinafanana. Zitofautishe kwa kuigeuza ncha kwenye mwanga, au kwa herufi zilizoandikwa kwenye pakiti.

Ncha za LR au LL hukata mkato wa mshazari kwa mstari wa mshono. Hizi ndizo zinazofaa kazi nyingi za viatu, mabegi na mikanda. Ncha ya S hukata mkato unaofuata mstari wenyewe wa mshono, na hutoa mshono ulionyooka. Lakini ukishona kwa hatua fupi mikato hukaribiana na kuwa kama msumeno, hivyo itumike kwa hatua ndefu. Ncha ya P hukata mkato unaopita mstari wa mshono kwa pembe mraba, na huruhusu hatua fupi zaidi.

Hapa tunatoa tahadhari kwa wavalishaji wa makochi na kwa wateja wao. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ngozi sokoni ni ngozi bandia, yaani tabaka la plastiki lililobandikwa juu ya kitambaa. Nguvu ya malighafi hiyo imo kwenye kile kitambaa cha chini. Ncha ya kukata ikitumika, hukata nyuzi za kitambaa hicho, na kochi hufumuka kwenye kona watu wanapoketi. Kwa ngozi bandia tumia ncha ya mviringo. Kujua tofauti, angalia ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosukanasukana hadi chini, ngozi bandia huonyesha plastiki juu na kitambaa chini, vikiwa vimetengana waziwazi.

Hatua ya tano: sindano inayolingana na cherehani

Sindano zenye unene sawa zinaweza kuwa na urefu na shina tofauti. Sindano isiyo ya mfumo wa cherehani yako, hata ikiingia na kukaza, haitafika mahali ndoano inapoisubiri, au itaigonga. Mifumo inayokutikana zaidi ni hii: 130/705 H, ambayo pia huitwa 15×1 au HA×1, ina shina lenye upande bapa na ni ya cherehani za nyumbani, DB×1 ni ya cherehani za kiwandani za kushonea nguo, 135×17 na 135×16 ni za mashine nzito, ya kwanza ikiwa na ncha ya mviringo na ya pili ncha ya ngozi. Kwa mashine za mkono mrefu za mafundi viatu, 29×3 ni ncha ya mviringo na 29×4 ni ncha ya ngozi. Nenda dukani na sindano ya zamani au na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, usitegemee kumbukumbu.

Aidha, kila cherehani ina ukomo wake. Cherehani ya nyumbani ya kukanyaga kwa mguu inaweza kushona ngozi laini ya tabaka mbili kwa sindano ya 100/16 au 110/18 na uzi usiozidi tex 70. Kuilazimisha ishone mkanda kwa uzi wa tex 135 ni kuiharibu, kwa kuwa tundu la bamba lake, ndoano na vikaza uzi havikuundwa kwa unene huo. Fundi anayepanda ghafla kutoka sindano nyembamba hadi nene kwenye mashine kubwa naye anapaswa kuangalia kama sindano inapita katikati ya tundu la bamba bila kugusa kingo, na kama ndoano inaikosa kwa nafasi ndogo bila kuikwaruza. Zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko miwili mitatu kabla ya kuwasha mota au kukanyaga.

Urefu wa hatua na jaribio la mwisho

Hatua ni umbali kati ya tundu moja na jingine. Kwa mabegi na mikanda, hatua ya milimita 3 hadi 4 inafaa. Kwa sehemu za juu za viatu, milimita 2 hadi 3. Imani kwamba hatua fupi sana huimarisha mshono ni ya kweli kwa kiasi fulani katika nguo, lakini katika ngozi kila tundu la nyongeza ni ngozi iliyoondolewa uimara. Uzi mnene udai hatua ndefu.

Kabla ya kushona kazi ya mteja, chukua kipande cha ngozi ileile, chenye idadi ileile ya tabaka, ukishone sentimita 10. Kisha soma dalili. Fundo likionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno au sindano ni nyembamba. Likionekana chini, uzi wa juu umelegea. Mishono ikirukwa, kagua kama sindano imefungwa hadi juu na kwa upande sahihi, kama unene wake unalingana na uzi, na kama mguu wa kukandamizia unaishika ngozi vizuri. Ngozi ikinyanyuka pamoja na sindano, kitanzi hakiumbiki. Uzi ukichanuka, ongeza unene wa sindano kwa hatua moja kabla ya kulaumu uzi. Mwisho, vuta vipande viwili kwa nguvu ya mikono pande tofauti. Mshono mzuri hauonyeshi nafasi kati ya vipande, na ngozi haichaniki kati ya matundu.

Sindano nayo huisha. Ncha ikishafifia huchana badala ya kukata, na hutoa mlio wa kugonga inapoingia kwenye ngozi. Ibadilishe wakati huo, au ilipogonga chuma hata mara moja.

Wakati wa kununua

Kwa fundi anayenunua uzi Kariakoo au katika duka la mtaani kwake, tex inatoa njia ya kukagua urefu bila kufungua rola. Zidisha tex kwa urefu ulioandikwa kwa mita, kisha gawanya kwa 1,000. Rola la tex 70 linalodaiwa kuwa na mita 1,500 linapaswa kuwa na takribani gramu 105 za uzi, bila kuhesabu kigogo chake. Uzi uliopakwa utomvu unaweza kuzidi kidogo. Ukikuta gramu 70, ama urefu ni pungufu au uzi ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Malalamiko kuhusu vipimo vya bidhaa zilizofungashwa yanapokelewa na Wakala wa Vipimo.

Mweleze muuzaji kazi unayokwenda kufanya. Usiseme tu "nipe sindano ya kumi na nane", sema "nataka sindano ya kushonea ngozi ya mkanda, uzi ni huu, na mashine ni hii." Maneno hayo yana uzito kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi mahususi na kutegemea ujuzi wake. Kinga hiyo hudhoofika pale mnunuzi anapoagiza chapa fulani kwa jina lake bila kueleza kazi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, ikiwamo sifa na kiasi chake. Dai risiti, na utunze pakiti ya sindano pamoja na karatasi ya rola hadi kazi ikamilike. Bila hivyo ni vigumu kuthibitisha ulichouziwa.

Kwa mwananchi anayeagiza kiatu, begi au kochi, hahitaji kuwa fundi. Aulize maswali matatu: uzi ni wa nailoni, poliesta au pamba? Unene wake ni upi? Ngozi ni halisi au bandia, na sindano ni ya ncha gani? Fundi anayeijua kazi yake hujibu bila kusita, na mara nyingi hufurahi kuulizwa. Kisha aombe kuona kipande cha jaribio. Wakati wa kupokea kazi, akunje mshono kwa vidole: matundu yasionekane makubwa kuliko uzi, hatua ziwe sawa, na fundo lisichungulie.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi, Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi, na ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo hutoa ushauri kwa wajasiriamali.

Tunawashauri mafundi watenge sanduku moja dogo la sindano za ngozi na jingine la sindano za nguo, kila pakiti ikiwa na namba yake, na waandike kwa kalamu tex ya kila rola mara tu linapofika karakanani. Kazi hiyo haichukui robo saa, na inalinda kipande cha ngozi ambacho mteja amekwisha kukilipia.